Shibiri Moja Juu ya Maji

Kama uko Shelui, punguza sauti ya redio kidogo, fungua dirisha usikilize. Kuna lori linapanda mlima wa Sekenke sasa hivi. Hapakosi lori pale. Sikia injini inavyobanwa. Dereva amerudi gia ya pili, sasa ya kwanza, na utingo yuko tayari kuruka na jiwe la kuwekea tairi. Lori lililozidishiwa mzigo halina siri. Likipanda hulia, likishuka breki zinanuka mpaka jikoni kwa watu. Mtoto aliyekulia chini ya mlima huu anaweza kulala kitandani, gizani, akakwambia: lile lina saruji, hili linarudi tupu.

Ninachotaka kusema ni kwamba sisi watu wa Sekenke uzito tunaujua. Ardhi yetu ilianza kuchimbwa dhahabu tangu zama za Mjerumani. Vita vya kwanza vya dunia vilipomkatia njia, akakosa fedha za kulipia watu, mwaka 1916 akagonga sarafu zake mwenyewe pale Tabora: sarafu ya dhahabu ya rupia 15, yenye picha ya tembo. Dhahabu yake ilitoka Sekenke. Sarafu nzima ilikuwa na gramu 7 na ushee tu, na leo wakusanyaji wa Ulaya wanaigombania. Hata sasa, mchimbaji mdogo akipeleka kokoto yake kwa mnunuzi, haangalii uso wa mnunuzi, anaangalia mizani, na hapepesi macho mpaka pointi ya mwisho isimame.

Barabarani nako kuna mizani. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki imeweka ukomo wa tani 56, lori na shehena yake kwa pamoja. Ukizidi, unalipa. Sokoni kuna Wakala wa Vipimo na ugomvi wake usiokwisha na lumbesa: gunia lisizidi kilo 100, lakini kitunguu cha Singida kimesafiri miaka mingapi ndani ya gunia lililovishwa kilemba? Unashonewa wavu juu ya gunia, unaambiwa hilo ni gunia moja.

Kwa hiyo dhahabu tunapima, lori tunapima, kitunguu tunapima, walau tunajaribu. Jioni hii nataka tuzungumze juu ya kitu tunachokipakia kwa macho peke yake. Mtumbwi.

Najua mtu ameshasema, Sekenke na mitumbwi wapi na wapi. Haya, panda mpaka juu ya mlima asubuhi, kabla vumbi halijaamka, utazame bondeni upande wa kaskazini. Mbuga za Wembere zimelala pale, na kule kwenye mng'ao ni Kitangiri, ziwa letu. Wavuvi wa Tulya wanalijua kwa perege na kambare. Sisi wengine, tuseme ukweli, tunalijua kwa Krismasi. Ndugu wanarudi kutoka Dar es Salaam na Mwanza, wanakuja na watoto, na watoto wanakuja na simu. Siku ya kwanza ni pilau na kuku. Siku ya pili mmoja anasema, twende ziwani tukapige picha. Mnafika mwaloni, mnapatana bei na mwenye mtumbwi, nyavu zinashushwa, sakafu inamwagiwa maji kuondoa shombo, watu wanapanda. Chombo cha kazi kimekuwa chombo cha starehe kwa saa moja. Na swali linaloulizwa pale ni moja, kila mwaka ni lilelile: "Tunaenea?"

Mimi nina ugomvi na neno hilo. Kuenea ni habari ya makalio na ubao wa kukalia. Ni swali la daladala, la konda anayegonga bati akisema sogeeni nyuma, bado kuna nafasi. Kwenye mtumbwi nafasi ni mwongo mkubwa. Uwezo wa chombo huisha mapema, nafasi huisha baadaye sana, na katikati ya hayo mawili ndipo watu hufa.

Tupige hesabu kidogo, haitauma. Chukua mtumbwi wa mbao ambao sehemu yake inayokalia maji ni kama mita 4 za mraba. Maji ya ukubwa huo, yenye unene wa sentimita 1, ni lita 40, na lita 40 ni kilo 40. Ile kanuni ya Archimedes tuliyoimba sekondari inasema chombo hushuka mpaka kisukume maji yenye uzito sawa na wake. Kwa hiyo kila kilo 40 unazopakia, mtumbwi huo unashuka sentimita 1. Mtu wa kilo 60, sentimita moja na nusu. Shangazi yangu mmoja, ambaye kilo zake sizitaji hewani kwa usalama wangu, ni zaidi ya mbili.

Sentimita moja na nusu unaidharau, sivyo? Wapandishe watu 10 wa kilo 60. Umeshuka sentimita 15. Ongeza kreti mbili za soda, spika ya muziki, mashine ya nyuma na dumu lake la petroli: nyingine tatu, nne. Kama ubavu wa mtumbwi ulikuwa umesimama sentimita 30 juu ya maji ulipokuwa mtupu, sasa umebaki na kumi na kidogo. Hiyo ni pakiti ya sigara iliyosimamishwa wima, na vidole viwili juu yake.

Na upepo wa Singida unaujua. Kitangiri ni ziwa la kina kifupi, na maji ya kina kifupi yakichapwa na upepo hayaleti mawimbi marefu ya kukupandisha na kukushusha taratibu kama bembea. Yanaleta mawimbi mafupi, yamefuatana kama meno ya msumeno. Wimbi moja likiingia, umepata abiria mpya. Tena abiria asiyekaa. Gunia la mahindi hukaa ulipoliweka. Maji yaliyoingia hukimbilia upande ulioinama, yanauinamisha zaidi, na wimbi la pili linakuta mlango umeshafunguliwa.

Lakini hesabu hiyo haikunikosesha usingizi. Kilichonikosesha usingizi ni kwamba mtumbwi haulii.

Ukumbuke ulipokanyaga mtumbwi mtupu kwa mara ya kwanza. Ulicheza chini ya mguu wako, ukashika ukingo, moyo ukaruka. Ulikuwa unakuonya. Sasa ongeza watu. Watano, saba, tisa. Chombo kinatulia. Wageni wanafurahi, mmoja anasema, aa, sasa umekaa sawa. Kumbe kimechoka. Chombo kilichoelemewa hujibu kwa kuchelewa: kikiinama, kinasita kabla ya kurudi, na ule utulivu tunaousifu ndio kusita kwenyewe. Manahodha wa meli kubwa wanalijua jambo hili. Meli inayoyumba harakaharaka huwatapisha abiria, lakini inarudi. Inayolala ubavu na kukaa hapo kidogo kama inafikiri, hiyo ndiyo inayomtoa nahodha jasho huku abiria wakikoroma. Lori la Sekenke linakulalamikia njia nzima. Mtumbwi unasema neno moja tu, nalo unalisema mwishoni.

Mwaka 2018 Ziwa Victoria lilisema mara mbili ndani ya miezi miwili na siku chache. Mara ya kwanza unaikumbuka, sote tulikuwa na redio zetu masikioni. Alhamisi tarehe 20 Septemba, kivuko cha MV Nyerere kilitoka Bugolora, Ukerewe, kwenda Bwisya, kisiwani Ukara. Kilijengwa kibebe watu 101. Waliokufa walikuwa 228, na walionusurika 41, jumlisha mwenyewe. Na hakikupinduka katikati ya ziwa. Gati lilikuwa pale, watu wa nchi kavu wanakiona kivuko. Ndiyo tabia ya safari za majini, hatari huamka mnapokaribia kufika, maana hapo kila mtu anainuka, anachukua kikapu, anasogea upande wa kutokea. Uzito uliokuwa umekaa unasimama na kuhama kwa wakati mmoja.

Lakini ile ilikuwa safari ya kazi, ya gulio, ya watu wasio na njia nyingine. Mara ya pili ndiyo inayotuhusu jioni hii. Jumamosi tarehe 24 Novemba mwaka huohuo, upande wa Uganda, wilaya ya Mukono, boti ya starehe iliyojulikana kama MV Templar ilikuwa na kundi la watu waliotoka kufurahi wikiendi. Muziki, vinywaji, jioni nzuri. Polisi wa Uganda walisema baadaye kwamba boti ilibeba kupita uwezo wake na haikuwa katika hali nzuri. Zaidi ya watu 30 walikufa, si mbali na ufukwe. Hakuna aliyelazimika kusafiri siku ile. Walikuwa marafiki wa marafiki.

Hapo ndipo tofauti ilipo, nami sijasikia ikisemwa vya kutosha. Kivuko hujazwa na nauli. Boti ya starehe hujazwa na mapenzi. Nani atamwambia shemeji aliyetoka Dar kwamba yeye abaki? Kwetu mgeni ni mgeni. Kumshusha mtu mtumbwini mbele ya watoto wake ni kama kumnyang'anya sahani ya wali katikati ya karamu. Tunaona haya, tunasogea, tunasema njoo, njoo, tutabanana, kubanana ndiyo raha yenyewe.

Sasa utaniuliza, je, tukihesabu watu vizuri, tukafuata idadi iliyoandikwa, tumepona? Nina kisa cha kukujibu, nacho ni cha mbali kidogo. Tarehe 2 Oktoba 2005, boti ya watalii inayoitwa Ethan Allen ilikuwa kwenye Ziwa George, jimbo la New York, Marekani. Siku ya jua, maji shwari. Ndani yake walikuwamo watalii 47, wengi wao wazee. Idadi iliyoruhusiwa ilikuwa 48. Umenisikia vizuri: walikuwa ndani ya idadi, tena na nafasi moja imebaki. Boti ikapinduka, watu 20 wakafa.

Wachunguzi walipokaa chini wakagundua mambo mawili. Kwanza, idadi ya 48 ilitokana na kanuni ya zamani iliyomhesabu kila abiria kuwa na ratili 140, yaani kilo 63 na nusu. Wale wazee wa watu, kwa wastani, walikuwa na kama kilo 81. Pili, boti ilikuwa imebadilishwa paa. La turubai liliondolewa, likawekwa la mbao, na hakuna aliyepima upya chombo kinavyosimama. Walipopiga hesabu upya walikuta boti ile ilistahili kubeba watu 14. Kumi na wanne! Cheti chake kiliiruhusu kubeba zaidi ya mara tatu ya uwezo wake. Walinzi wa pwani wa Marekani wakabadilisha kanuni. Tangu mwaka 2011 abiria anahesabiwa ratili 185, karibu kilo 84.

Naomba wenye boti za kupeleka watu visiwani Mbudya na Bongoyo, na wale wa Mwanza, walisikie hilo la paa. Paa ni uzito uliowekwa juu, mahali pabaya kuliko pote. Na kijana anayepanda juu ya paa apigwe picha mikono imetanuliwa, yeye ni paa juu ya paa. Kilo 70 zikikaa sakafuni zinakishikilia chombo. Kilo hizohizo zikisimama zinakivuta ubavuni. Ndiyo maana mvuvi hukaa chini, magoti yamekunjwa, na akihama huhama kwa kutambaa, mkono mmoja huku na mwingine huku. Na ndiyo maana yeye humcheka mgeni anayetembea mtumbwini kama anatembea sebuleni. Anacheka, lakini macho hayatoki kwenye ukingo.

Huku bara, vyombo vidogo vya majini hukaguliwa na TASAC, na Zanzibar ni Mamlaka ya Usafiri Baharini. Chombo chenye leseni kina idadi yake, na una haki ya kuuliza iko wapi. Lakini hakuna ofisa anayeweza kusimama kila mwalo siku ya Krismasi, na mtumbwi uliojengwa kwa ajili ya nyavu haukujengwa na kibati cha idadi ya watu. Boti za kiwandani hubandikwa kibati hicho. Wamarekani wana hata kanuni ya haraka kwa boti ndogo, zile zisizofika futi 20: zidisha urefu kwa upana, kwa futi, kisha gawa kwa 15. Boti ya futi 15 kwa 5 inakupa watu 5. Watano, msikilizaji, kwa chombo ambacho sisi tungeingia kumi na mtoto wa kumpakata. Tena wenyewe wanaonya kwamba hiyo ni kwa siku shwari. Nami naongeza onyo langu: usiibebe kanuni hiyo kichwakichwa mpaka Kitangiri. Imetungwa kwa boti zenye tako pana, si kwa mtumbwi mwembamba.

Meli nazo zina mstari wake ubavuni, na uliletwa na ugomvi. Samuel Plimsoll, mbunge wa Uingereza, alipiga kelele bungeni miaka kadhaa juu ya meli zilizopakiwa mpaka zikafanywa majeneza ya mabaharia, na mwaka 1876 sheria ikapita: meli iwekwe alama, na mzigo usiizamishe alama hiyo. Ukienda bandari ya Dar es Salaam utaiona, duara lenye mstari katikati. Haisomi idadi ya vichwa wala tani za kwenye karatasi. Inasoma maji yamefika wapi. Kwa akili yangu ndogo, hakuna kipimo kilichowahi kuwa cha haki kama hicho.

Na wala huhitaji rangi wala bunge ili uwe nacho. Nilikiona kwenye mwalo mmoja wa Kitangiri, Krismasi moja ambayo tulikuwa kundi kubwa: wajomba, mashemeji, watoto, na mimi mwenyeji wao. Mtumbwi ulikuwa wa mzee mmoja mkimya mwenye kofia ya sufu, katika jua lile. Akatupakia wote, hakukataza mtu. Akatuambia tukae chini. Tukakaa. Kisha akaingia majini mpaka magotini, akainama, akabandika kiganja ubavuni mwa mtumbwi kwa nje, amekitanua: kidole gumba kinagusa maji, kidole kidogo juu. Shibiri moja. Kidole kidogo kikapita ukingo, kikabaki hewani.

"Mmoja ashuke," akasema.

Kimya. Mnajua kimya hicho. Kila mtu anaangalia ziwa kama hajawahi kuona ziwa. Mwisho mjomba akamshika mtoto mdogo kuliko wote, akasema huyu atabaki, tutamletea picha. Mzee akatikisa kichwa. Mtoto yule, akasema, hata akishuka maji hayatajua. Akatembeza macho taratibu, omo mpaka tezi, yakaja kutua kwangu. Kwenye tumbo langu, kusema kweli.

"Wewe mwanangu. Wa redio."

"Mzee, kwani unadhani nina kilo ngapi?"

"Sijakuuliza kilo. Nimekuomba ushuke."

Nikashuka, watoto wanacheka, shemeji ananipa mkoba wake nimshikie. Mzee akarudisha kiganja pale pale. Safari hii kidole kidogo kililala juu ya ukingo, sawasawa. Akapanda nyuma, akashika kasia, wakaenda.

Nikabaki mwaloni na mkoba na viatu vya watu, nimevipanga mstari kwenye mchanga kama mlango wa msikiti. Niliudhika, sikatai. Nusu saa ikapita. Kwenye saa kumi upepo ukashuka kutoka mlimani, matete yakalala yote upande mmoja, na ule mng'ao wa ziwa ukageuka rangi ya bati. Nikasimama. Niliwaona wameshageuza, wanakuja, hakuna anayepiga picha, hakuna anayeimba. Wote wamekaa chini kabisa, vichwa tu vinaonekana, na mjomba anakumba maji kwa chupa ya soda iliyokatwa.

Walipofika, sketi ya shemeji ilikuwa imelowa mpaka kiunoni. Akachukua mkoba wake, akavaa viatu vyake bila kuvifuta mchanga. Tulipanda gari. Mpaka tunaingia Shelui, hakuna aliyekuwa amesema neno.